Ukienda kulala Hotel Sacher, Vienna: ushauri wa mtandika vitanda wa Kisumu

Lala siku mbili, si zaidi. Nasema hivyo kama mtu aliyetandika vitanda vya wageni hapa Milimani, Kisumu, na baadaye kuwasimamia wanaotandika, hadi magoti yakaanza kulalamika. Ukilala siku moja utafika umechoka na kuondoka kabla hujajua taa ya kusomea inazimwa wapi. Ya tatu, unalipia mazoea. Siku zako nyingine lala kwa jamaa au hoteli ya kawaida. Binti yangu ni muuguzi kule, anakaa mtaa wa Favoriten, kwa hiyo nilianzia kwake ndipo tukahamia Sacher, mimi na yeye, yeye akilipa na mimi nikikagua.

Bei ni mamia ya euro kwa usiku. Piga hesabu mwenyewe: euro ikiwa shilingi 150, chumba cha euro 600 ni shilingi 90,000, na bado hujanywa chai. Kwa pesa hizo hununui kitanda, maana kitanda kizuri kiko hata Kisumu. Unanunua mikono ya watu wengi wanaokuhudumia bila kelele, na jumba lenye historia. Ukikaa humo huku unaona haya kuhudumiwa, umezitupa.

Angalia kalenda kabla ya kuchagua tarehe. Januari na Februari ni msimu wa dansi Vienna, na dansi kubwa kuliko zote hufanyika ndani ya Opera, jumba la michezo ya kuimbwa, Alhamisi inayotangulia Jumatano ya Majivu. Opera iko ng'ambo tu ya barabara kutoka Sacher, kwa hiyo wiki hiyo usiitaje hoteli hii kwa mkoba wako. Desemba nako kuna masoko ya Krismasi, watu ni wengi. Novemba mwanzoni, au Machi kabla ya Pasaka, ndipo utakapopata nafuu. Julai na Agosti hali ya hewa ni nzuri lakini Opera imefungwa, na kwenda Sacher bila Opera ni kula samaki bila ugali.

Chukua nafasi inayoweza kufutwa. Utaona bei mbili: ya chini ambayo pesa zake hazirudi, na ya juu kidogo ambayo unaweza kuifuta siku chache kabla. Mkenya ambaye hajapata viza achukue hiyo ya pili, hata ikimuuma. Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Austria na nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 tangu Juni 2024, na zenyewe hazirudi ukinyimwa. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Usingoje siku 15. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000. Wapo wanaodhani kuonyesha wamelipia hoteli ya kifahari kutamlainisha ofisa wa ubalozi. Hakumlainishi. Ofisa ataitazama taarifa yako ya benki, na akiona hoteli ya shilingi 90,000 kwa usiku juu ya akaunti iliyokonda, atauliza nani analipa. Kama ni mtoto wako, aende kwa polisi wa huko Austria atoe tamko rasmi la udhamini. Barua ya kuandika kwa mkono haitoshi.

Jambo la kadi, litatue ukiwa bado nyumbani. Mapokezi watazuia kiasi fulani kwenye kadi yako kama dhamana ya vinywaji vya chumbani na mengineyo. Hawajazichukua hizo pesa, lakini huwezi kuzitumia, na baada ya kuondoka zinaweza kukaa siku kadhaa kabla hazijaachiliwa. Kwa hiyo kadi ya dhamana isiwe ndiyo hiyo hiyo yenye pesa zako za kula. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inafaa kununulia tiketi ya treni. Pale mapokezi beba kadi ya kushika mkononi, yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti.

Koti nililipata Kibuye, kwa mitumba, sufu nzito yenye bitana safi. Sikuona yeyote mlangoni akilitazama mara mbili. Sacher hawakudai suti, ila viatu vyako viwe vimepigwa rangi. Wabeba mizigo hutazama viatu duniani kote, hata mimi nilikuwa natazama.

Kutoka Nairobi utabadilisha ndege Addis Ababa, Istanbul au Doha. Ukifika Vienna usikimbilie teksi. Treni ya kutoka uwanjani hadi kituo kikuu, Hauptbahnhof, ni kama robo saa, kisha unashuka chini kwenye reli ya U1, vituo viwili hadi Karlsplatz. Fuata vibao vya Oper. Ukitoka juu utaona jumba kubwa la Opera; lizunguke hadi nyuma, mtaa wa Philharmoniker Strasse, na hoteli ndiyo hiyo yenye bendera na vitambaa vyekundu madirishani. Kuwasili kwa miguu ukiburuta sanduku si aibu. Begi litapokelewa kabla hujafika ngazi. Mpe aliyelibeba euro moja au mbili, na usalimie kabla hujaomba lolote. Watu wa Vienna wanajali salamu kama tunavyoijali sisi. Ingia ukisema "Grüß Gott" na utaona nyuso zikifunguka.

Sasa historia, kwa sababu bila hiyo utapita koridoni kama kipofu. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1876 na Eduard Sacher. Alipofariki mwaka 1892, mjane wake Anna ndiye aliyeishika, akaiendesha karibu hadi kifo chake mwaka 1930. Huyu Anna alivuta sigara nene za wanaume, akafuga mbwa wadogo wenye nyuso za kukunjamana, na wakubwa wa dola walikuja kula kwake. Alikuwa na kitambaa cha meza ambacho wageni waliandika sahihi zao, naye akazidarizi kwa uzi. Mimi nimefua vitambaa vya meza maisha yangu yote, na hicho ndicho pekee nilichosikia kilichotiwa wino kwa ruhusa. Kuta zimejaa picha za waliopita. Zitazame taratibu usiku, wakati wengine wako Opera. Tarehe 31 Machi 1969 John Lennon na Yoko Ono waliita waandishi wa habari humu, kisha wakazungumza nao wakiwa wamejifunika ndani ya gunia jeupe. Nilijiuliza ni nani alilifua.

Chumbani, fanya ukaguzi kabla hujafungua sanduku. Vyumba vinavyotazama Opera ni ghali zaidi, vya upande wa ndani ni kimya zaidi. Mimi ningechukua kimya. Fungua maji ya moto uone yanafika upesi. Lalia mto. Kama ni wa manyoya na wewe unapiga chafya, piga simu mapokezi uombe mwingine, sasa, si saa tano usiku. Pia, kitanda cha watu wawili huko Austria mara nyingi huwa na duveti mbili, kila mtu na yake. Usidhani wamesahau. Mkitaka moja kubwa, semeni.

Jioni kuna mtu atakayebisha hodi. Anakuja kufunga mapazia, kukunja pembe ya duveti na kupanga ndara kando ya kitanda. Nasikia akina mama wengi humfukuza kwa heshima: "La, asante, niko sawa." Mwache aingie! Yule dada aliyetuhudumia alizilaza ndara juu ya kitambaa cheupe kidogo, vidole vikielekea mlango, ili mtu akishuka kitandani miguu iingie moja kwa moja bila kutafuta. Hilo halifanywi kwa bahati. Kuna mtu alimfundisha, na kuna mtu anapita nyuma yake kuhakikisha. Nilimwomba ruhusa nikatazama anavyokunja pembe ya shuka. Digrii arubaini na tano, kama tulivyofundishwa sisi.

Asubuhi usitandike kitanda. Najua mkono unawasha. Lakini shuka ulizozinyoosha vizuri zinamlazimu kuzivua kwanza ndipo aanze upya, na dakika zake zimehesabiwa. Taulo ulizotumia, zile unazotaka zibadilishwe ziweke sakafuni bafuni, zile bado safi zitundike. Bakshishi yake iache kila siku, si siku ya kuondoka, kwa sababu anayesafisha Jumatatu huenda siye wa Jumanne, na bahasha nono ya mwisho inaangukia mtu ambaye hakukufanyia kitu. Euro mbili tatu mezani, na kikaratasi chenye neno asante ili ajue hukuzisahau. Ndara ni zako, beba. Gauni la kuogea si lako. Ukilibeba utaliona kwenye kadi.

Maji usinunue. Ya bomba pale Vienna yanatoka chemchemi za milimani, bomba la kwanza lilizinduliwa mwaka 1873, ni baridi na matamu. Chupa iliyo kwenye friji ndogo iache hapo hapo.

Sasa keki, maana ndiyo inayowaleta wengi. Inasimuliwa kwamba Franz Sacher, babake Eduard, aliibuni mwaka 1832 akiwa kijana wa miaka 16 anayejifunza upishi jikoni kwa Metternich, chansela wa Austria wakati huo. Ni keki ya chokoleti yenye jemu ya aprikoti, juu imemwagiwa chokoleti ngumu. Hoteli na duka la keki la Demel waliburutana mahakamani miaka mingi wakigombania jina. Mwishowe walipatana: Sacher wanaita yao "Original", nayo ina jemu katikati pia, ya Demel ina jemu chini tu ya chokoleti ya juu. Nimekula zote mbili. Ni kavu kidogo, tuseme ukweli, na ndiyo sababu huletwa na krimu isiyo na sukari. Usiisukume kando hiyo krimu, chovya kila tonge. Kahawa itakuja na glasi ya maji kwenye sinia. Kaa, hakuna atakayekuondoa.

Chakula cha jioni usikile humo isipokuwa una pesa za kuchezea. Toka nje. Kati ya Opera na jumba la Albertina kuna kibanda cha soseji, na usiku onyesho likiisha utakuta mabibi wenye magauni marefu wamesimama na mabwana wa tai wakila soseji kwa mikono. Ile yenye jibini ndani inaitwa Käsekrainer. Ni ya nguruwe, Waislamu wajihadhari.

Kuingia Opera kwenyewe hakuhitaji utajiri. Kuna tiketi za kusimama zinazouzwa siku yenyewe ya onyesho, kwa bei ya chakula cha mchana cha kawaida. Desturi ni kufunga skafu kwenye chuma cha kushikilia kilicho mbele yako, kisha unaweza kwenda msalani ukarudi. Nilifunga leso. Ukitaka kiti, mwone pale mapokezi mtu mwenye nembo ya funguo mbili za dhahabu zilizopishana kwenye kola ya koti. Kazi yake ni kukutafutia visivyopatikana, na kumuuliza ni bure.

Asubuhi ya pili amka mapema, panda U1 kutoka Karlsplatz vituo vinne hadi Praterstern, utembee barabara ya Hauptallee chini ya miti. Hapo ndipo Eliud Kipchoge, tarehe 12 Oktoba 2019, alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40. Haikuandikwa kama rekodi ya dunia kwa sababu ya wasaidizi waliopokezana kumwongoza, lakini sisi tunajua tulichoona. Nenda na viatu vya kutembelea.

Siku ya kuondoka soma bili mstari kwa mstari kabla ya kutia sahihi. Acha mizigo kwa wabeba mizigo hadi saa ya treni, hawatozi. Ikiwa ni Jumapili, maduka mengi yamefungwa, kwa hiyo zawadi zinunuliwe Jumamosi. Keki ya kubeba nunua iliyo kwenye sanduku la mbao. Hudumu kama wiki mbili mahali pa baridi kiasi. Ipande nayo ndani ya ndege, usiitie kwenye mzigo mkubwa. Joto la Kisumu litaiyeyusha chokoleti alasiri moja, kwa hiyo ikifika ikatwe jioni hiyo hiyo, kwa kisu kilichochovywa maji moto na kufutwa kila baada ya kipande.