Namna ya Kukadiria Umbali na Muda wa Ndege kutoka KIA hadi Amsterdam

Umbali wa safari ya anga hupimwa kutoka kiwanja hadi kiwanja, kwa hiyo msafiri wa Arusha au wa Moshi aanze kuhesabu KIA (Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro), kisha aongeze pembeni muda wa barabara na wa ukaguzi. Kutoka KIA hadi Amsterdam ni takriban kilomita 6,900, zikipimwa kwa kufuata mviringo wa dunia.

Gawanya umbali huo kwa kilomita 850 kwa saa, ambao ni mwendo wa kawaida wa ndege kubwa, upate saa nane na dakika chache. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua, ifike kama saa nane na dakika 40. Upepo unaweza kuongeza au kupunguza kidogo. Ukiunganisha ndege, hesabu kila kipande peke yake pamoja na muda wa kusubiri.

Panapowachanganya wengi ni tiketi, kwa sababu kila muda ulioandikwa ni wa mahali husika. Tuseme muda wa kuondoka umeandikwa 20:30: toa kumi na mbili, kisha toa sita, na hiyo ni saa mbili na nusu usiku kwetu. Utatua saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri kwa saa za Tanzania, lakini tiketi itaonyesha 03:10, kwani Uholanzi iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi. Majira ya joto tofauti hubaki saa moja tu. Anayekuja kukupokea mpe saa za huko.