Somo: Kupunguza chembe za plastiki unapoandaa samaki

Chembe za plastiki zisizofika milimita 5 ndizo ziitwazo mikroplastiki. Hutoka kwenye nguo za nailoni zikifuliwa, matairi yakisagika barabarani, mifuko ikichakaa juani. Samaki huzimeza, na nyingi huishia tumboni mwake. Kwa hiyo swali la jikoni ni moja: utumbo wake unaula au unautupa?

Hatua ya 1. Tumbua samaki kabla ya kumkatakata. Anzia tundu la haja, panda hadi chini ya kichwa, ncha ya kisu ikitazama nje isije ikapasua utumbo. Ng'oa utumbo pamoja na matamvua, kisha suuza kwa maji yanayotiririka. Ukisuuzia kwenye beseni, uchafu ule ule unarudi kwenye nyama.

Hatua ya 2. Kamba ana mstari mweusi mgongoni. Huo ndio utumbo wake. Mchane kidogo, uchokoe kwa kijiti.

Hatua ya 3. Kome na chaza ndio wenye kazi. Huchuja maji mfululizo, na huliwa pamoja na utumbo wao. Katika jaribio lililochapishwa 2014, siku 3 kwenye maji safi ya bahari ziliwapunguzia kome theluthi hivi ya chembe. Nyumbani usijaribu, watakufia, na kome mfu atakuumiza tumbo leo leo. Punguza kiasi tu.

Hatua ya 4. Usipashe chakula moto ndani ya chombo cha plastiki.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikikaanga sana haziungui?*
Hizi si vijidudu, ndugu yangu. Moto wa kupikia hauziondoi.

*Madhara yamethibitishwa, au tunatishwa tu?*
Kwamba zinaingia mwilini, hilo halina ubishi: zimekutwa kwenye damu na kwenye kondo la nyuma. Mwaka 2024, utafiti wa Italia ulionyesha kuwa wagonjwa wenye plastiki ndani ya mafuta yaliyoganda kwenye mishipa ya shingo walikuwa na hatari mara 4.5 ya shambulio la moyo, kiharusi au kifo kuliko wasio nayo. Hayo mawili yameonekana pamoja. Kwamba moja limesababisha jingine, bado. Wala utafiti huo haukusema plastiki ilitoka kwa samaki.

*Basi kome niwaache kabisa?*
Usiwaache. Watafiti wa Uskoti mwaka 2018 waligundua kuwa nyuzi zinazodondokea sahani kutoka kwenye vumbi la ndani wakati wa mlo ni nyingi kuliko zile za kwenye kome wenyewe. Funika chakula mpaka watu wakae mezani.