SOMO: Kamera mahiri ya kiwandani, mtandao na ishara zake

Kamera mahiri hupiga picha ya bidhaa, tuseme chupa, ikipita kwenye konveya (mkanda wa kusafirishia bidhaa), kisha huikagua yenyewe. Nimechoka kuulizwa, "kamera mpya haipigi picha, mtandao una shida gani?" Mara nyingi mtandao hauna shida. Kebo ya mtandao hubeba picha na matokeo. Amri ya "piga sasa" huja kwa waya mwingine. Usipotofautisha hivi viwili utakesha Industrial Area ukibadilisha swichi nzima.

1. Umeme: volti 24 DC, au PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao) kama kamera inaikubali.

2. Anwani ya IP: kamera 192.168.1.50, kompyuta 192.168.1.10, sabneti maski (huonyesha sehemu ya anwani inayotaja mtandao) 255.255.255.0 kwa zote. Ukiona inayoanza na 169.254, kifaa kimejipa anwani chenyewe kwa kukosa DHCP (huduma inayogawa anwani).

3. Piga ping (amri ya kompyuta ya kuuliza kama kamera ipo). Ikijibu, achana na mtandao.

4. Triga, yaani ile amri ya "piga sasa", hutoka kwenye sensa. Hapa tulia. Sensa ya kawaida ya PNP ikiona chupa hupeleka volti 24 kwenye waya wa ishara. Ya NPN huvuta waya huo hadi karibu 0. Kwa hiyo kama ingizo la kamera lina komoni yake (waya wa pili unaokamilisha mzunguko), sensa ya PNP inataka komoni iende 0V, ya NPN inataka iende +24V. Ukigeuza, taa ya sensa itawaka vizuri na kamera haitapiga hata picha moja. Soma lebo ya sensa kwanza, kisha pima kwa multimita kati ya waya wa ishara na 0V huku ukipitisha chupa.

ONYO: kahawia +24V, bluu 0V, nyeusi ishara, hizo ni rangi za sensa. Kebo ya kamera hufuata kampuni iliyoitengeneza. Fuata mwongozo wake. Zima umeme kabla ya kugusa nyaya. Usiunganishe waya wa ishara wa NPN na +24V moja kwa moja, unaweza kuunguza sensa.

5. Matokeo kwenda PLC (kompyuta inayoendesha mashine), kwa lugha ya mtandao inayoielewa: Modbus TCP kwa poti 502, au EtherNet/IP, au PROFINET. PLC yako ndiyo inayoamua.

MASWALI

Fundi_Ruaraka: Mkuu, kamera haionekani, saidia haraka.
— Hatua ya 2. Tuma anwani zote mbili.
Fundi_Ruaraka: 192.168.0.50 na 192.168.1.10. Si ni zile zile?
— Si zile zile. Kwa maski hiyo ni mitandao miwili. Rudi hatua ya 2.

Mwanafunzi_TU-K: Samahani mwalimu, kwa nini triga isipitie mtandaoni tuokoe waya?
— Swali zuri sana, dada. Inawezekana, ila ujumbe wa mtandao haufiki kwa muda ule ule kila mara. Konveya ikienda mita 1 kwa sekunde, tofauti ya milisekunde 20 husogeza chupa sentimita 2, na lebo inatoka nje ya picha. Kwenye konveya inayosimama kwanza, tumia mtandao bila wasiwasi. Hesabu hiyo hiyo itumie kwa muda wa kufungua lenzi: milisekunde 1 hukuachia ukungu wa milimita 1.

Baba_Dogo_Umeme: Nina adapta ya PoE ya intaneti ya nyumbani. Itafaa?
— Angalia lebo. Nyingi za redio za intaneti hutoa volti 24 tu, bila kuulizana na kifaa. Kamera ya PoE hutaka kiwango cha PoE cha 802.3af, takriban volti 48, hadi wati 15.4 kwenye poti. Yenye taa kubwa huenda ikahitaji 802.3at, wati 30. Na kebo isizidi mita 100.