Namna ya kuchuja maoni ya watu kuhusu laptopu na tableti kabla hujatoa hela, kwa tuliopo Dodoma

Ukiuliza kwenye grupu lolote la WhatsApp hapa Dom "jamani laptopu gani nzuri" wa kwanza atakujibu HP, wa pili atakuambia HP achana nazo chukua Dell, wa tatu atasema Lenovo ndo jiwe, na lazima awepo wa kusema jichange ununue MacBook upumzike. Kila mtu anaongea alichokiona na inawezekana wote wako sahihi, ila ukiyabeba hayo majibu yalivyo ukaenda nayo dukani utapigwa, sababu jina la kampuni peke yake halina msaada. Unachotakiwa kukijua ni modeli gani, imekaa na mtu muda gani, na siku ilipozingua nani aliitengeneza na kwa shilingi ngapi.

Anza na modeli. HP haohao wanatengeneza Pavilion za matumizi ya nyumbani na wanatengeneza ProBook na EliteBook za maofisini, Dell wana Inspiron na wana Latitude, Lenovo wana IdeaPad na wana ThinkPad (hii ilianza kwa IBM mwaka 1992, Lenovo wakanunua biashara ya kompyuta ya IBM mwaka 2005). Hizi za maofisini zinanunuliwa na makampuni kwa mamia, kwa hiyo zimejengwa kwa kukaza zaidi, spea zake zimejaa sokoni, na vitabu vya ufundi vya kuzifungua kampuni zenyewe zimeviweka bure kwenye tovuti zao, fundi yeyote mwenye bando anashusha. Ndo maana mzigo mkubwa wa used unaoletwa kutoka Ulaya, Marekani na Dubai ni hizo. Sasa mtu akikuambia "HP yangu ilikatika hinji baada ya mwaka" muulize HP ipi kwanza, akisema Pavilion basi hiyo habari haiihusu EliteBook hata kidogo, na anayesifia Dell huku ana Latitude hajakuambia chochote kuhusu Inspiron unayotaka kununua wewe.

Halafu angalia unamuuliza nani. Muuzaji anauza alichonacho, winga wa Kariakoo anakuuzia chenye faida, na mtu aliyenunua wiki iliyopita anasifia sababu bado inanukia upya. Watu wa maana wa kuwauliza hapa mjini ni watatu. Kuna wenye stesheneri za pale UDOM na karibu na Chuo cha Mipango, mashine zao zinawaka asubuhi mpaka usiku zinachapa kazi za wanafunzi, hao wanajua ipi inavumilia. Kuna vijana wa TEHAMA wa kwenye maofisi, hasa Mtumba kwenye Mji wa Serikali, mtu anasimamia mashine nyingi za aina moja kwa miaka kwa hiyo akisema betri za modeli fulani zinavimba anasema kitu amekiona kwenye nyingi. Na wa tatu ni fundi. Mwendee kwa heshima, usimwendee wakati ana foleni, muulize hivi: "Fundi samahani, hizi EliteBook 840 G5 zikija kwako huwa zina shida gani? Na kioo chake hapa Dodoma kinapatikana?" Akijibu kipo dukani, safi. Akijibu mpaka niagize Dar, sio mbaya, kinapanda basi kesho kipo. Akikuambia hicho mpaka China, hapo jifikirie mara mbili hata kama mashine yenyewe ni nzuri kiasi gani.

Ila kuna kitu watu wengi wanakosea kwa fundi. Akisema "HP ndo zinaletwa sana" usikimbilie kusema HP mbovu, kama mtaani HP zimejaa lazima na kwa fundi zitajaa. Swali la kumuuliza ni zinakuja na tatizo gani, na je likitengenezwa linarudi. Tatizo moja linalojirudia kwa watu tofauti wenye modeli ileile, hilo ndo la kuogopa.

Na uchuje kingine, lawama ambazo sio za kampuni. Dodoma yetu hii kiangazi upepo na vumbi vinaingia kila mahali, feni ya laptopu inajaa vumbi, mashine inachemka, ikichemka inajipunguza spidi yenyewe au inazima kabisa, mwenye nayo anaandika "hizi laptopu zinachemka sana msinunue". Kumbe ilitakiwa kufunguliwa ipulizwe na ibadilishwe ile pasta ya prosesa basi. Chaja feki pia na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu vimeua bodi nyingi, kampuni inabeba lawama. Kwa hiyo akilalamika mtu muulize ilikuwa inasafishwa? Chaja ni ileile iliyokuja nayo? Iliwahi kudondoka? Ukisikia ilidondoka, weka pembeni hayo maoni.

Maoni ya nje nayo tusiyameze mazima. Marekani kuna kipimo kinaitwa ACSI cha kuridhika kwa wateja, kipo tangu 1994, na kuna Consumer Reports wanaouliza wanachama wao vifaa vimewaharibikia mara ngapi, ni kazi nzuri na Apple amezoea kukaa juu kabisa kule. Lakini mteja wa kule anaingia duka la Apple lenyewe na mashine mkononi anahudumiwa na watu wa kampuni, sisi Tanzania duka la Apple lenyewe halipo, kwa hiyo nusu ya ile furaha wanayoipima wewe huipati. Chukua ya uimara, ya huduma waachie wenyewe. Mimi naona tovuti ya iFixit inatusaidia zaidi, wao wanafungua kifaa wanakipa alama mpaka 10 kwa urahisi wa kutengenezeka, Surface Laptop ya Microsoft ya 2017 ilipata 0 kwa sababu huwezi kuifungua bila kuiharibu. Fundi wetu ndo huduma kwa wateja yetu, kama yeye hawezi kuifungua basi huna huduma. Na ukisoma maoni kwenye maduka ya mtandaoni ruka ya nyota 5 yaliyoandikwa siku mzigo umefika, soma ya nyota 2 na 3 ya watu waliokaa nayo miezi 6 kwenda mbele.

Ukishapata modeli, sasa unaenda dukani kuhakikisha ile mashine iliyoko mbele yako, maana modeli nzuri iliyochoka ni mbovu tu. Geuza chini utafute seriali namba, kwa Dell inaitwa Service Tag ina herufi na namba 7, iingize kwenye tovuti ya kampuni husika uone waranti ilianza lini na inaisha lini, hapo unapata umri wake halisi hata kama boss wa duka anasema "hii ni ya juzi". Kwa HP angalia na namba ya bidhaa, ikiishia na ABU ilitengenezwa kwa soko la Uingereza, ABA Marekani, ABD Ujerumani, waranti ya huko usidhani moja kwa moja itakufuata hapa.

Betri ipime, usiulize. Fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye Windows) andika powercfg /batteryreport, litatengenezwa faili, lifungue uangalie namba mbili, Design Capacity ni uwezo ilipotoka kiwandani na Full Charge Capacity ni uwezo wa sasa. Ikiwa ya kwanza 50,000 na ya sasa 30,000 maana yake imebaki asilimia 60, tumia hiyo kushusha bei. Prosesa nayo isome vizuri, kwenye hizi tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndo kizazi, i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Hii ina uzito sana sasa hivi kwa sababu Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 kwa Intel rasmi inataka kuanzia kizazi cha 8, zile EliteBook 840 G3 za bei ya kutupa zinazotembezwa mjini ni kizazi cha 6. Ingia pia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, inafunguliwa kabla Windows haijawaka) uone kama ina paswedi, ikiwa nayo na muuzaji haijui, rudisha mezani.

Tableti ni habari nyingine kidogo, huku kinachoua ni apdeti. Uliza kampuni inaihudumia hiyo modeli miaka mingapi, iPad na Samsung wanajitahidi, hizi za watoto za bei ndogo unakuta haijawahi kupata apdeti hata moja na hata RAM iliyoandikwa kwenye boksi sio ya kweli. iPad used usiondoke nayo mpaka mwenyewe atoe akaunti yake ya iCloud mbele yako uiwashe upya mpaka mwisho, ikibaki imefungwa na akaunti ya mtu hakuna fundi wa kukusaidia. Tableti ya laini inayopiga simu bonyeza *#06#, isiyopiga kama iPad angalia kwenye Settings, IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) ifanane na ya kwenye boksi, alafu itume kwa SMS kwenda 15090 uone jina la kampuni na modeli vinavyorudi kama vinafanana na ulichoshika.

Mwisho ni waranti ya duka, na hapa usione aibu kuuliza. Wanasema "miezi mitatu kaka" wakati betri, chaja na kioo havimo. Waulize inahusu nini, mashine inatengenezwa hapa Dodoma au inarudishwa Dar, na nauli ya kuipeleka nani analipa. Dai risiti ya EFD, iandikwe modeli na seriali namba, sio "laptop 1" tu, na masharti ya waranti waandike nyuma au kwenye karatasi yenye muhuri. Wakikugeuka unazo karatasi za kupeleka Tume ya Ushindani, FCC, wao ndo wanasimamia Sheria ya Ushindani ya 2003 ambayo ndani yake kuna kumlinda mlaji, na bidhaa feki ni kazi yao pia. Risiti ya EFD inafifia haraka kwenye joto, ipige picha siku hiyohiyo ujitumie kwenye barua pepe.