Usianze na kiota: namna ya kumdhibiti kaubedi

Mara ya kwanza kuchungulia kiota kichakani nilikuta mayai matatu madogo na la nne kubwa, jeupe lenye madoa ya kahawia, limejilaza katikati kama limelipa kodi. Mkono uliniwasha. Bahati nzuri sikuligusa.

Hilo ni yai la kaubedi (kwa Kiingereza cowbird), ndege mdoezi wa Amerika Kaskazini. Hajengi kiota; jike hutaga hata mayai 40 kwa msimu, yote kwenye viota vya ndege wa aina nyingine. Lakini ni ndege wa asili ya huko, na Marekani sheria ya mwaka 1918 inamlinda: kutoa yai lake bila kibali ni kosa. Tena analipiza. Watafiti walipoyaondoa mayai yake, zaidi ya nusu ya viota hivyo vilivamiwa na kuharibiwa.

Kwa hiyo anza na chakula. Kaubedi hupenda alizeti, mahindi ya kupondwa na nafaka ndogondogo, hasa zikimwagwa chini au kwenye sinia pana. Msimu wa kutaga ukikaribia, ondoa sinia, tundika chombo chembamba chenye vijiti vifupi vya kutua, na ufagie makombo. Kama unatundika masanduku ya viota, tundu lisizidi milimita 38.

Mtego ni wa wenye kibali. Nilisaidia msimu mmoja: banda la wavu wa waya lenye mwanya mwembamba juu. Ndege hukunja mbawa akadondoka ndani. Kutoka hawezi, maana akizikunjua hapiti. Ndani kuna makaubedi hai wa kuwavuta wenzao, nafaka, maji na kivuli. Kagua kila siku, na ndege mwingine akinasa mwachie hapohapo. Asubuhi moja nilikuta bakuli la maji limepinduka na ndege wote wamekaa midomo wazi. Tangu hapo bakuli nililifunga kwa waya.

Huko Michigan, jimbo la Marekani, mitego ilianza 1972 kumwokoa ndege mdogo aitwaye Kirtland's warbler, mwenye kifua cha manjano. Viota vyake vyenye mayai ya kaubedi vilishuka kutoka karibu asilimia 70 hadi chini ya 5. Hata hivyo ndege hao wadogo hawakuongezeka sana mpaka misonobari michanga, wanakotagia, ilipoenea. Mwaka 2019 aliondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Mitego ilikuwa imeshasitishwa, na udoezi haukurudi. Ndiyo maana kabla ya kuomba kibali nauliza kwanza: vichaka vya ndege wanaodoezewa bado vipo?