Fonti za waraka: mambo ya kuzingatia kabla ya kuugeuza kuwa PDF

Mtu wa Wete anayetayarisha kijitabu cha dua ili kikachapwe Unguja hapeleki maneno peke yake, bali hupeleka pia sura ya herufi alizozichagua, na sura hiyo kwa kawaida haimo ndani ya faili la Word. Faili hilo hubeba jina tu la fonti, yaani la sura hiyo ya herufi. Kompyuta ya mchapaji ikiwa haina fonti yenye jina hilo, huweka nyingine bila ya kuuliza, mistari ikarefuka, kurasa zikasogea, na orodha ya yaliyomo ikataja namba zisizo zake. Ndiyo maana watu wa steshenari hupendelea PDF, ingawa PDF nayo hulinda kile tu kilichotiwa ndani yake, na iwapo waraka ulikwisha kubadilika sura kabla ya kugeuzwa, itayahifadhi makosa hayo kwa uaminifu mkubwa.

Kwa hiyo ugeuzaji na ufanyike katika kompyuta ile ile iliyotumika kuupanga waraka, si katika simu na wala si dukani. Calibri ndiyo iliyokuwa fonti ya kawaida ya Word tangu toleo la 2007, mpaka Microsoft ilipoleta Aptos mahala pake, nayo Aptos haimo katika matoleo ya zamani ambayo bado yanatumika maofisini. Anayetumia LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia mfano wa Word, ana nafuu kidogo, kwani fonti yake ya Carlito ina upana sawa na Calibri, na Liberation Serif ina upana sawa na Times New Roman, hata mistari hubaki pale pale japokuwa umbo la herufi si lile lile.

Penye hadhari kubwa zaidi kwetu ni hati ya Kiarabu. Kiswahili kinapoandikwa kwa hati hiyo huhitaji herufi za sauti kama p, ch na v, ambazo alfabeti ya Kiarabu chenyewe haina, na fonti iliyotengenezwa kwa Kiarabu pekee huenda ikakosa mojawapo. Programu hapo huazima herufi iliyokosekana kutoka fonti nyingine, na neno moja likaonekana limeandikwa na mikono miwili, au herufi zake zikaachana badala ya kuungana. Amiri na Scheherazade New ni fonti za bure zenye herufi hizo na zinazopanga irabu vizuri. Hata hivyo, mwandishi asitosheke na jina la fonti, bali aukuze ukurasa kwenye skrini na aangalie shada (alama ya kukaza herufi) iliyobeba irabu, maana hapo ndipo fonti dhaifu huumbuka. Zipo pia fonti za msahafu ambazo kila ukurasa katika kurasa 604 una fonti yake, na kila neno ni umbo moja. Chapa yake hupendeza, lakini aya ikinakiliwa kutoka katika PDF ya namna hiyo aghalabu hutoka alama zisizosomeka, basi hazifai kwa kijitabu ambacho wanafunzi watataka kutafuta maneno ndani yake. Wanaoandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini zenye nukta chini, kama ḥ na ṣ, nao wakague vivyo hivyo, kwani fonti nyingi za mapambo hazina nukta hizo.

Idhini ya mwenye fonti nayo ina nafasi yake. Baadhi ya fonti zimewekewa alama inayokataza kutiwa ndani ya faili, na Word ikikutana nayo huweza kuyageuza maneno kuwa picha, ambayo huchapika lakini hayatafutiki. Kwa tasnifu au waraka wa kuhifadhiwa miaka mingi, inafaa kuchagua PDF/A katika mipangilio ya kuhifadhi, kwa sababu kiwango hicho, kilichotolewa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 2005, hulazimisha kila fonti inayoonekana iwemo ndani ya faili.

Faili likishakuwa tayari, lifunguliwe kwa Adobe Reader na isomwe orodha ya fonti katika sifa za waraka. Kila fonti ionyeshwe kuwa imetiwa ndani, iwe yote au sehemu yake. Jina lisilotarajiwa katika orodha hiyo ni dalili ya herufi iliyoazimwa, na inapasa itafutwe ilipo. Kisha unakiliwe mstari mmoja wenye ng' na mmoja wa Kiarabu, ubandikwe kwingine na usomwe; ni kazi ya dakika moja, na naiona ina faida kuliko kuutazama ukurasa kwa saa nzima.

Mara nyingi programu hutia ndani herufi zile tu zilizotumika, ili faili lisiwe zito. Matokeo yake ni kwamba mchapaji akiombwa kurekebisha jina au tarehe ndani ya PDF yenyewe, huenda herufi anayoihitaji isiwemo kabisa, na atalazimika kuweka fonti nyingine. Basi pamoja na PDF, flashi ibebe faili asili la Word, na faili la fonti pia pale idhini yake inaporuhusu, ili marekebisho yafanywe kwenye asili na PDF itolewe upya.