Saa ya zamani au mpya? Anza na jasho lako, halafu fundi, saa yenyewe iwe ya mwisho

Kijana mmoja alisimama mbele ya meza yangu Kariakoo, akatoa saa mbili mfukoni. "Shikamoo fundi. Hii ya marehemu baba, hii nimenunua juzi. Niambie ipi nivae kazini."

Saa sikuzitazama kwanza. Nilimwambia akunje shati. Ilikuwa msimu wa kaskazi, saa nane mchana, na jasho lilikuwa limeshuka mpaka kiganjani. Kazi yake ni kusambaza mizigo kwa bodaboda kutoka asubuhi mpaka jioni. Nikamjibu: "Mwanangu, ya baba vaa Ijumaa msikitini. Siku nyingine zote iache nyumbani."

Alidhani natania. Nimeketi kwenye kazi hii miaka mingi, na saa nyingi za zamani ninazofungua zimekufa kwa ugonjwa uleule: jasho limepita pembeni ya kifundo cha kurekebishia, likakaa kwenye vyuma, vikashika kutu. Mwenye saa alikuwa na macho mazuri ya kuchagua, ila alichagua kana kwamba anaishi mahali pa baridi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mkononi. Dukani tutafika baadaye.

Hatua ya 1: Andika wiki ya mkono wako

Chukua karatasi, andika siku saba. Kila siku jaza mkono unakwenda wapi: daladala ya kusimama, ofisi yenye kiyoyozi, kivuko cha Kigamboni, jiko, mpira wa jioni, kuogesha mtoto. Uwe mkweli. Usiandike maisha unayotamani.

Siku zenye jasho jingi au maji zikizidi nne, saa yako ya kila siku iwe mpya. Hapo sibishani na mtu. Ya zamani inaweza kuwa ya pili. Ukiwa mtu wa ofisini, unatembea kidogo, unanawa kwa utulivu, basi una uhuru wa kuchagua, endelea kusoma.

Kuna jambo dogo watu hawalifikirii. Saa ya mishale tunaisoma kwa kutazama ng'ambo: mshale mfupi uko kwenye 2, jicho linaruka upande wa pili, 8, tunasema saa nane. Hakuna hesabu. Saa ya namba ikikuandikia 14:00 lazima utoe sita kichwani. Bibi yangu hakuwahi kukubali saa ya namba kwa sababu hiyo hiyo. Kama unaishi kwa saa za Kiswahili, mishale inakupumzisha, na saa nyingi za zamani ni za mishale.

Hatua ya 2: Pima kwa karatasi kabla ya kupima kwa pesa

Zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono, pale saa inapokaa, uweke juu ya rula. Kisha kata duara mbili za karatasi ngumu, moja ya milimita 35, nyingine ya milimita 42, uzibandike mkononi na kusimama mbele ya kioo kikubwa. Simama mbali, maana mtu mwingine hakuoni ukiwa umeinamia mkono.

Saa za kiume za zamani nyingi zina upana wa milimita 33 mpaka 36. Za kisasa nyingi ni 40 kwenda juu. Mkono wa sentimita 16 hubeba vizuri 34 mpaka 38. Lakini upana hudanganya. Angalia masikio, vile vipembe vinavyoshika mkanda: vikivuka ukingo wa mkono wako, saa itaonekana ya kuazima hata kama ni ya bei gani. Unene nao una neno. Saa nyembamba ya kutia ufunguo huteleza chini ya mkono wa kanzu au shati la suti bila kukwama. Otomatiki, yaani zinazojijaza kwa mwendo wa mkono, nyingi za leo ni nene, na mtu wa vifungo vya mkononi atazichukia ndani ya wiki moja.

Hatua ya 3: Tafuta fundi kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa.

Ukinunua saa ya zamani, umenunua na fundi wake. Mashine ya vyuma inataka kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta mapya kila baada ya miaka minne mpaka sita hivi. Mafuta yakikauka, chuma kinasaga chuma. Saa itaendelea kutembea, ndiyo maana watu hawashtuki, lakini inajila yenyewe.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, zunguka kwa mafundi wawili watatu, Kariakoo au kule Posta, na uwaulize maswali haya. Unasafisha kwa kuifungua mashine yote, au unapuliza na kudondoshea mafuta juu? Anayedondoshea tu, msalimie uondoke. Vipuri vya mashine hii unavipata wapi? Fundi mzuri atakwambia anavyo kwenye kopo, au atatoa kwenye saa mbovu ya aina hiyohiyo. Naomba nione unavyofungua mfuniko. Mwenye kifaa chake hatumii bisibisi na nyundo.

Seiko ya otomatiki ya miaka ya 1970 au 1980 ni chaguo la busara hapa kwetu kwa sababu hiyo tu: mafundi wameifungua mara nyingi, na vipuri vinazunguka. Ukija na saa ya Uswisi ambayo kiwanda chake kilikufa, hata kama ni nzuri kiasi gani, nitaipenda, nitaisifia, na nitakurudishia.

Na tenga pesa. Una laki mbili? Nunua saa ya laki na nusu, hamsini iwe ya sevisi ya kwanza. Muuzaji akisema "imeshafanyiwa sevisi", mshukuru, halafu ifanyie sevisi.

Hatua ya 4: Ukiwa na saa ya zamani mkononi

Kwangu ya zamani ni iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1990 hivi. Usifikiri zote ni za kutia ufunguo. Seiko walianza kuuza Astron, saa ya mkono ya kwatsi, yaani ya betri, Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, kwa hiyo hata betri ina uzee wake. Ila za betri za miaka ile ziogope: saketi yake ikifa, mara nyingi dawa yake ni saa nyingine.

Anza na uso wa saa. Tumia lenzi, au kamera ya simu ukivuta karibu. Herufi ziwe zimenyooka na kingo zake ziwe kali. Vistari vya dakika vilingane na alama za saa. Rangi ikiwa inang'aa kama pipi wakati bodi imechakaa, uso umepakwa upya. Saa za namna hiyo zinauzwa sana mtandaoni kutoka India, wapenzi wa saa wanaziita za Mumbai. Mimi mwenyewe nilipigwa mwanzoni. Nilinunua Seiko ya bluu inayovutia macho, nikaivaa wiki mbili nikijisifu, mpaka mteja wangu, mzee mmoja mtulivu, akaniuliza kwa upole kwa nini neno la chini limepinda. Nikaificha kwenye droo. Bado ipo.

Pili, geuza mfuniko. Kwenye Seiko utaona namba nne, kistari, halafu namba nyingine. Nne za kwanza ndilo jina la mashine, mfano 7009. Kuna namba nyingine ya mfululizo: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, inayofuata ni mwezi, ambapo Novemba ni N na Desemba ni D. Ikianza na 52, ni Februari ya mwaka unaoishia na 5. Muongo gani? Mashine inakusaidia kujua. Ukikuta 7S26 na muuzaji anaapa ni ya 1985, mwache aape. Mashine hiyo ilitoka 1996.

Tatu, vuta kifundo, zungusha mishale mzunguko mzima. Isikwame wala kugusana. Badilisha tarehe, lakini si usiku: mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, meno ya kalenda yameshikana na ukilazimisha unavunja. Nimebadilisha magurudumu ya kalenda mengi kwa kosa hili.

Nne, harufu. Ndiyo, inuse. Saa iliyokaa na jasho ina harufu ya sarafu iliyoloa. Chini ya masikio, rangi ya dhahabu ikiwa imetoka na kijani kinachungulia, ni shaba hiyo inaliwa.

Tahadhari moja ya afya. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zenye namba za kung'aa gizani zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi, na mionzi yake huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Mng'ao unaweza kuwa umekufa, mionzi ipo. Usifungue nyumbani, usikwangue namba zile kwa ukucha. Zilizokuja baadaye zina tritiamu, ambayo mionzi yake ni hafifu, na za Uswisi huandikwa T SWISS T chini ya 6. Hizo hazinisumbui.

Maji je? Hesabu sifuri. Hata kama mfuniko umeandikwa neno la kukinga maji, mpira wa ndani umeshakauka. Mvua ya masika ikikukuta, ivue, iweke ndani kwenye mfuko mkavu.

Hatua ya 5: Ukielekea kwenye mpya

Hapa ni haraka. Soma namba ya maji: mita 30 ni matone ya kunawia, mita 100 ndiyo ya kuogelea Coco Beach. Uliza kioo: cha yakuti (sapphire) hakichubuki kirahisi, cha madini huchubuka, cha plastiki kama vile vya zamani huchubuka ovyo, ingawa dawa ya meno na kitambaa humaliza michubuko midogo.

Halafu usahihi, maana watu hushangaa. Saa ya betri ya kawaida hupotea kama sekunde 15 mpaka 20 kwa mwezi. Otomatiki mpya yenye mashine ya Seiko 4R36, kampuni yenyewe inaruhusu iende mbele sekunde 45 au irudi 35 kwa siku. Ukiwa mtu wa kuwahi mwendokasi kwa dakika, usije ukanigombeza.

Kama ni ya mtumba lakini ya kisasa, fanya jaribio langu: nunua chupa ya maji ya baridi, ifute ikauke, ibandike kwenye kioo cha saa dakika moja. Ukungu ukitokea upande wa ndani, kuna unyevu umeshaingia. Rudisha.

Feki sitaziongelea sana. Bei ikikufurahisha kupita kiasi, unajua mwenyewe.

Hatua ya 6: Njia ya kati, ambayo ndiyo nawauzia wengi

Kuna saa zinazotengenezwa leo kwa sura ya jana. Casio F-91W ilitoka 1989 na bado ipo dukani ileile, nyepesi, betri yake inakadiriwa miaka saba. Tissot PRX ilirudi 2021 kwa sura ya mwaka 1978, na ina ya milimita 35 kwa wenye mikono myembamba. Hapa unapata umbo dogo na uso wa zamani, na mpira wa kuzuia maji ambao bado ni mbichi.

Wapenzi wa ya zamani halisi hunicheka nikisema hivi. Sawa. Wao wana kiyoyozi.

Hatua ya 7: Mkanda, kabla hujakata tamaa na saa

Mara nyingi saa haina kosa, mkanda ndio unaoiaibisha. Ngozi kwa joto letu hunuka na kukakamaa ndani ya miezi michache. Tumia nailoni au silikoni siku za kazi, ngozi weka kwa harusi. Saa za zamani mara nyingi huchukua mkanda wa milimita 18, za kisasa 20 au 22. Pima kati ya masikio kwa rula, usikisie. Cheni ya chuma nayo ni nzuri, ila ioshe kwa mswaki laini kila wiki, maana uchafu wa jasho hujificha kwenye maungio.

Rangi za mtindo sizijui sana. Najua kwamba uso mweupe au wa krimu unakwenda na kanzu, suti na kitenge, na uso mweusi unasomeka vizuri kwenye jua kali.

Ukishachagua, ivae siku kumi bila kubadilisha, na kila asubuhi iweke sawa na saa ya simu kisha uandike imepotea kiasi gani. Leta hiyo karatasi kwa fundi, itamsaidia kuliko maelezo yako. Na kama ni ya betri, siku ya kubadilisha muombe akuonyeshe betri mpya kabla hajafunga mfuniko: iandikwe SR626SW, au namba inayoendana na saa yako, herufi za mwanzo ziwe SR, au CR kwa saa kama ile F-91W. Ikianza na LR ni ya bei chee, na ile ndiyo inayovuja na kuharibu saketi wakati wewe umelala.